Cheti, Kampuni na Fildi: Programu za Uongozi kwa Wanafunzi Zinafanya Nini Hasa

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, awe anasoma Mwanza, Dar es Salaam au Eldoret, hupokea matangazo ya namna hii karibu kila wiki kwenye makundi ya WhatsApp: programu ya uongozi kwa vijana, kambi ya ujasiriamali, mafunzo ya stadi za kazi, ufadhili wenye ulezi ndani yake, kituo atamizi cha mawazo ya biashara. Maneno yanafanana. Picha za vijana waliovaa suti zinafanana. Chini kabisa kuna kiungo cha fomu na tarehe ya mwisho ya kutuma maombi.

Lakini yaliyomo nyuma ya matangazo hayo yako mbalimbali sana. Programu moja itampa kazi halisi, yenye fedha za kutunza na watu wa kuwajibika kwao. Nyingine itampa siku tatu za kukaa ukumbini, fulana na cheti. Ya tatu itamtaka yeye ndiye atoe fedha. Asiyejua tofauti atachagua kwa uzuri wa tangazo, na muda wa chuo ni mfupi mno kuuchezea hivyo.

Nina kipimo kimoja ninachokiamini, na makala hii yote inakizunguka: katika programu hiyo, kuna kitu gani kinachoweza kuharibika mikononi mwa mwanafunzi? Kama jibu ni fedha za watu, bidhaa, ratiba, au imani ya kikundi cha kina mama waliokubali kufanya naye kazi, hapo uongozi unafundishwa. Kama hakuna kinachoweza kuharibika, kinachofundishwa ni kitu kingine. Huenda kina faida yake, lakini si uongozi.

Zilikotoka

Kila programu imebeba nia ya aliyeianzisha, na ukiijua nia hiyo utajua itakudai nini.

Junior Achievement ilianza 1919 huko Springfield, Massachusetts, kwa juhudi za Horace Moses, Theodore Vail na seneta Murray Crane. Vijana wa Marekani walikuwa wakitoka mashambani kwenda mijini, na waanzilishi hao walitaka wajifunze biashara kwa kuifanya wenyewe baada ya saa za shule. Leo programu zake zinaendeshwa katika shule nyingi za Afrika, Afrika Mashariki ikiwemo.

AIESEC, shirika la wanafunzi linalowapeleka vijana kufanya kazi nchi nyingine, ilizaliwa katika majeraha ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1948 wanafunzi kutoka nchi saba za Ulaya waliungana wakiamini kwamba vijana wakienda kufanya kazi katika nchi za wenzao, mataifa yatazoeana. Hadi leo inaendeshwa na wanafunzi na vijana waliotoka vyuoni karibuni, na viongozi hukaa madarakani mwaka mmoja kisha wanapisha wengine. Ukijiunga nayo, sehemu kubwa ya mafunzo utaipata katika kuiendesha yenyewe: kusaka wanachama, kuzungumza na kampuni, kumpokea mgeni aliyefika uwanja wa ndege saa nane usiku.

Enactus ilianza Marekani 1975 kwa jina la Students in Free Enterprise na ikabadili jina 2012. Wanafunzi wa chuo, wakiwa na mhadhiri mlezi, wanabuni mradi wa kibiashara unaotatua tatizo la jamii fulani, kisha wanashindana kuueleza mbele ya waamuzi wanaotoka katika kampuni. Mshindi wa nchi huenda kwenye mashindano ya dunia.

Benki nazo zina njia yao. Equity ya Kenya, tangu 1998, imekuwa ikiwachukua wanafunzi waliofaulu vizuri zaidi katika maeneo yao na kuwapa kazi ya malipo kwenye matawi yake kabla hawajaingia chuo kikuu. Kijana aliyetoka kidato cha nne anakaa kaunta au ofisi ya mikopo na kupokea mshahara wake wa kwanza kabla hajaliona darasa la uchumi. Kwangu mimi hii ni mojawapo ya programu zilizofikiriwa vizuri katika ukanda huu, kwa sababu fedha anayoishika kijana huyo ni ya wateja kweli.

Halafu kuna za serikali za nje. YALI, mpango wa Marekani kwa viongozi vijana wa Afrika, ilianzishwa na Rais Barack Obama 2010, na kundi la kwanza la vijana 500 wa programu yake ya Mandela Washington Fellowship lilikwenda Marekani 2014 kwa wiki sita vyuoni, wamegawanywa katika biashara, uongozi wa kiraia na utumishi wa umma. Hiyo ilikuwa ya watu wa miaka 25 hadi 35 ambao tayari wanafanya kazi, kwa hiyo mwanafunzi wa shahada ya kwanza mara nyingi hakuwa mlengwa. Kituo cha YALI cha Afrika Mashariki, kilichofunguliwa 2015 katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilishusha umri hadi miaka 18.

Kwa hiyo mwanafunzi anayesema "nataka programu ya uongozi" amesema jambo pana mno. Anataka kuendesha chama? Anataka kushika kazi ya benki? Anataka mtandao wa watu? Anataka kujaribu biashara akiwa bado ana mahali pa kulala na chakula cha bweni? Kila hamu ina mlango wake.

Kampuni ya mwaka mmoja

Nitakaa kidogo kwenye mfano mmoja, ule wa kampuni ya wanafunzi wa Junior Achievement, kwa sababu ukiuelewa huo utaweza kuzipima nyingine zote.

Mwanzoni mwa mwaka, wanafunzi kama ishirini wanaunda kampuni ndogo. Wanachagua meneja mkuu, meneja wa fedha, wa uzalishaji, wa masoko na wa wafanyakazi. Mtaji unapatikana kwa kuuza hisa kwa wazazi, walimu na wanafunzi wenzao. Tuseme wameuza hisa 60 kwa shilingi 2,000 kila moja. Wana 120,000 mkononi, na hakuna hata shilingi yao.

Wanaamua kutengeneza sabuni ya maji, kwa sababu malighafi zinapatikana na kila nyumba inaitumia. Malighafi za lita 60 zinawagharimu 48,000, yaani 800 kwa lita. Chupa ya lita moja na nusu, wanapiga hesabu, imebeba sabuni ya 1,200. Wanapanga bei ya 1,700 na kila mtu anaona faida ya 500. Wanauza chupa zote 40 kwa siku mbili, wanashangilia.

Kisha meneja wa fedha anakaa na daftari. Mauzo ni 68,000. Malighafi 48,000. Chupa, vifuniko na lebo, 400 kila moja, ni 16,000. Nauli ya kwenda kununua malighafi na kubeba mzigo, 8,000. Jumla ya matumizi ni 72,000. Wamepoteza 4,000 na wameuza kila kitu.

Hapa ndipo masomo yanapoanza. Mama aliyenunua hisa tano ataambiwa nini? Bei ipande hadi 2,200, na je, mwanafunzi wa bweni ataimudu? Wakusanye chupa za maji zilizotumika na kuziosha? Meneja wa uzalishaji, ambaye ni rafiki mkubwa wa meneja mkuu, amechelewa mara mbili na sabuni ya kundi la pili imetoka nyepesi. Nani anamwambia, na anamwambia mbele za watu au faragha? Kijana wa miaka kumi na saba akishayapita haya, hata ukimpa kitabu cha menejimenti atakisoma kwa macho mengine.

Mwisho wa mwaka kampuni inavunjwa. Hesabu zinafungwa, wenye hisa wanaitwa kwenye mkutano, wanarudishiwa mtaji na gawio kama lipo, na kama kuna hasara wanaelezwa ilitokeaje. Sehemu hii ya kufunga hesabu ndiyo shule nyingi zinaiacha, kwa sababu mitihani imekaribia na mlezi amechoka. Ni hasara kubwa. Kufungua biashara ni furaha, watu wanapiga makofi. Kusimama mbele ya waliokuamini na kueleza kila shilingi ilikokwenda ni jambo ambalo hata viongozi wengi wakubwa hawajawahi kulifanya maishani mwao.

Utafiti unasema nini

Je, haya yote yanafanya kazi? Jibu la kweli lina pande, na zote zinastahili kusikilizwa.

Mwaka 2010 wachumi Hessel Oosterbeek, Mirjam van Praag na Auke Ijsselstein walichapisha utafiti wao juu ya programu hiyohiyo ya kampuni ya wanafunzi katika chuo kimoja cha Uholanzi chenye kampasi mbili. Kampasi ya Breda ilikuwa na programu, ya Den Bosch haikuwa nayo. Walipowalinganisha wanafunzi, hawakuona kwamba stadi za ujasiriamali zimeongezeka. Na nia ya wanafunzi ya kuwa wajasiriamali ilikuwa imeshuka.

Watu wengi waliusoma utafiti huo kama hukumu. Mimi nauona tofauti. Watafiti wenyewe waliona uwezekano kwamba wanafunzi hao walikuja kujitambua vizuri zaidi: waligundua biashara ni nini kweli, na baadhi wakaona si yao. Kijana anayegundua hilo kwa mtaji wa hisa za 2,000 ameokoa mkopo wa milioni tano ambao angeuchukua baadaye. Tatizo ni kwamba wafadhili wengi hupima programu kwa idadi ya vijana "waliohamasika", na kwa kipimo hicho programu iliyomfungua mtu macho itaonekana imeshindwa.

Uganda inatupa sura nyingine. Programu iliyoitwa SEED iliwachukua wanafunzi wa sekondari kwa mafunzo ya wiki tatu. Kundi moja lilipewa zaidi stadi ngumu, kama hesabu, fedha na mpango wa biashara. Kundi la pili lilipewa zaidi stadi laini: kujadiliana bei, kujieleza, kushawishi, kuelewana na watu. Miaka mitatu na nusu baadaye, makundi yote mawili yalikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao wasiohudhuria kwa karibu asilimia 30. Wiki tatu tu.

Na kuna utafiti wa Lomé, Togo, uliochapishwa 2017 katika jarida la Science. Haukuwa wa wanafunzi, ulikuwa wa wafanyabiashara wadogo 1,500, lakini unagusa kiini cha jambo letu. Theluthi moja walipewa mafunzo ya kawaida ya biashara: utunzaji hesabu, masoko, fedha. Theluthi nyingine walifundishwa kuanza jambo wenyewe bila kusukumwa, kutazama mbali, kutafuta tofauti na jirani, kuinuka wanapokwama. Theluthi ya mwisho hawakupewa kitu. Baada ya miaka miwili, faida za waliofundishwa kujianzishia zilikuwa zimepanda kwa asilimia 30. Wale wa mafunzo ya kawaida walipanda asilimia 11, kiwango ambacho kitakwimu hakikuweza kutofautishwa na bahati.

Ukiziweka tafiti hizi pamoja, unaona kwamba jina la programu halikuambii mengi, wala urefu wake. Kinachobeba uzito ni tabia inayozoezwa: kuamua, kujaribu, kuona matokeo, kurekebisha. Somo la mhadhara juu ya "sifa kumi za kiongozi bora" halizoezi tabia hata moja kati ya hizo.

Fildi, programu kubwa kuliko zote

Wakati vijana wanahangaika na fomu za kambi za uongozi, programu kubwa kuliko zote ya kuwakuza kitaaluma wameshaandikishwa na chuo bila kujaza kitu. Nazungumzia mafunzo kwa vitendo, ambayo kila mwanafunzi Tanzania anayaita fildi. Kwa wanufaika wa mkopo, Bodi ya Mikopo (HESLB) imekuwa ikitoa shilingi 10,000 kwa siku kwa muda usiozidi siku 56. Ukipiga hesabu, ni hadi 560,000 kwa kila mwanafunzi. Sijui kambi ya uongozi inayowekeza kiasi hicho kwa kijana mmoja wa kawaida.

Na tunaitumiaje? Mwanafunzi wa uhasibu anaripoti Jumatatu, anapewa kiti karibu na mashine ya kudurufu, anatumwa bahasha masijala, anatumwa chai. Logibuku inajazwa yote wiki ya mwisho, kwa kunakili ya mwenzake. Msimamizi wa chuo anapita mara moja, anasaini, anaondoka. Nimesimamia wanafunzi wa fildi na ninasema hili kwa uchungu: wengi hawakosi akili wala heshima. Wanakosa mtu wa kuwakabidhi kazi yenye mwanzo na mwisho.

Mwanafunzi anaweza kuibadilisha hali hiyo kuliko anavyodhani. Wiki ya kwanza, baada ya kusoma mazingira, amfuate msimamizi wake na ombi lililo wazi. "Shikamoo mama, naona mafaili ya wateja waliochelewa kulipa yamerundikana tangu mwezi wa nne. Naomba nikuandalie orodha yao kwa miezi, kila mmoja na kiasi anachodaiwa, nikukabidhi Ijumaa." Hakuna msimamizi anayelikataa ombi la namna hiyo kirahisi, kwa sababu kazi hiyo inamkera na hana muda nayo. Mwingine aombe kufanya usuluhisho wa taarifa ya benki wa mwezi mmoja (kuilinganisha na vitabu vya ofisi), mwingine kuhesabu stoo na kulinganisha na leja. Kazi moja kama hiyo, iliyokamilika na kukaguliwa na mtu anayeijua, inamkuza kijana kuliko wiki nzima ya kutazama wengine wakifanya.

Kwa mwajiri pia kuna la kusema. Kumpa mwanafunzi kazi halisi kunachukua muda: lazima umwelekeze, umkague, umrudishie arekebishe, na huenda akakosea tena. Ofisi nyingi zinakwepa gharama hiyo ya siku nne za mwanzo na hivyo kupoteza wiki saba zinazobaki.

Hapa nitoe pia angalizo dogo kuhusu taaluma zenyewe. Katika uhasibu, ununuzi na ugavi, na nyingine nyingi, ngazi za kitaaluma zinatambuliwa na bodi: NBAA kwa wahasibu wa Tanzania na PSPTB kwa wa ununuzi na ugavi, huku Kenya mitihani ya uhasibu ikiwa chini ya KASNEB. Cheti cha kambi ya wikiendi, hata kiwe na nembo tano, hakikai kwenye ngazi hizo. Mwanafunzi mwenye muda na fedha kidogo aulize kwanza bodi ya fani yake inamtaka afanye nini.

Jamii si jukwaa la maonyesho

Programu nyingi zinaahidi "biashara na jamii" kwa pamoja, na hapo ndipo pana mtego ninaouona mara nyingi. Timu ya wanafunzi inakwenda kijijini au mtaa wa pembezoni, inawafundisha kina mama kutengeneza mkaa mbadala au kufuga kuku, inapiga picha, inashindana, inapata tuzo. Mwaka unaofuata wanafunzi wale wamehitimu. Mashine iliyonunuliwa imeharibika kifaa kimoja na hakuna aliyefundishwa kinapatikana wapi. Wale kina mama walitoa muda wao, na hakuna aliyewaeleza kwamba mradi ulikuwa wa msimu wa mashindano.

Siwalaumu vijana hao. Waamuzi wanapima kilichoandikwa kwenye taarifa ya mwaka huu, na timu inajibu inachopimwa. Lakini mlezi wa timu ana wajibu wa kuuliza mapema kabisa: mradi huu ni mali ya nani? Fedha zinaingia akaunti ya nani? Sisi tukiondoka, nani anajua kununua malighafi, na kwa bei gani? Timu inayojibu maswali hayo kabla ya kununua mashine imejifunza uongozi wa jamii kuliko ile iliyochukua kombe.

Na kuna jambo ambalo wanafunzi wetu wangefaidika nalo bila kusafiri mbali. Watembelee kikundi cha kuweka na kukopa cha mtaani kwao, VICOBA au vyovyote kinavyoitwa huko, wakae mkutano mzima. Sanduku la fedha lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, ambao si mwenyekiti wala mhazini. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote na kutajwa kwa sauti. Katibu anasoma salio la mkutano uliopita na wanachama wanalithibitisha kwa kumbukumbu zao. Aliyechelewa anatoa faini hapohapo, hata awe mwenyekiti. Mfumo huu, ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger 1991 na ukasambaa Afrika nzima, ni somo kamili la utawala bora wa taasisi. Mwanafunzi wa biashara aliyekwenda "kuwafundisha" wanawake hao angetakiwa kwanza akae miezi miwili kama katibu msaidizi.

Vivyo hivyo, Morogoro, wahitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine walianzisha 2011 ushirika wao wa wajasiriamali, SUGECO. Wanachama wa ushirika wanamiliki pamoja, wanachagua uongozi na wanaweza kuuondoa. Hilo la kuondolewa ndilo linalokosekana katika programu nyingi za uongozi, ambako washiriki wote wanaitwa viongozi na hakuna aliyechagua wala kuchaguliwa.

Nani anaingia, na kwa nauli ya nani

Fomu nyingi za maombi zinaandikwa kwa Kiingereza, zinajazwa mtandaoni, na zinauliza: eleza uongozi uliowahi kushika. Kijana aliyesoma shule yenye vilabu vya mdahalo ana la kuandika. Binti wa Kahama aliyelea wadogo zake watatu tangu mama augue, akiwa anauza mboga asubuhi kabla ya shule, anaandika "sijawahi kushika uongozi wowote" na anaamini hivyo. Ameendesha bajeti ya nyumba, ratiba, mikopo ya duka la jirani na usuluhishi wa ugomvi kila siku, na fomu imemfanya ajione mtupu. Kama wewe ni mwalimu, msaidie mwanafunzi wa namna hiyo kuandika. Mwambie aeleze asubuhi yake moja, kwa namba: mboga mafungu mangapi, mtaji kiasi gani, faida ilikwenda wapi. Kama wewe unasimamia programu, badilisha swali.

Kisha kuna gharama zisizotajwa. Programu inasema ni bure, lakini vikao ni Posta saa kumi na moja jioni na mwanafunzi anakaa Mbagala. Nauli ya kila wiki kwa miezi sita, chakula, bando la kuhudhuria vikao vya mtandaoni, vyote vinamtoka yeye. Anaacha mwezi wa pili na anaandikwa kwamba hakuwa na nidhamu. Waandaaji wanaojali huweka nauli kwenye bajeti kabla ya fulana.

Na mengine ni wizi wa wazi. Kuna mialiko ya "mkutano wa viongozi vijana" huko Dubai au Istanbul inayomjia mwanafunzi kwa barua pepe ikimpongeza kwa kuchaguliwa, kisha ikimtaka alipe ada ya ushiriki ili kulinda nafasi yake. Wazazi wanauza mbuzi. Programu zenye heshima za namna hii hazitozi ada ya maombi, na huwa zinaeleza kwa maandishi nani analipia tiketi, malazi na viza. Ukiambiwa umechaguliwa na hukumbuki kuhojiwa na mtu yeyote, achana nayo.

Swali lingine la kuuliza ni mfadhili. Kituo cha YALI pale Kenyatta kiliendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa fedha za USAID, shirika ambalo serikali ya Marekani yenyewe ililifumua 2025. Vijana waliokuwa wakisubiri mialiko ya programu za aina hiyo walijifunza kwamba mlango unaofunguliwa na bajeti ya nchi nyingine unaweza kufungwa huko huko, bila wao kuhusika. Ndiyo maana napenda kuona programu zenye vyanzo viwili au vitatu: wahitimu wanaochangia, kampuni za hapa nchini, na kidogo kutoka kwa washiriki wanaomudu.

Njia bora ya kupata majibu ya yote haya ni kumtafuta aliyepitia programu miaka miwili au mitatu iliyopita. Wa mwaka jana bado ana furaha ya picha. Wa miaka mitatu ameshatafuta kazi, ameshajua nani alipokea simu yake na nani hakuipokea. Muulize alikabidhiwa nini, alikosea wapi, na nani alimrekebisha.

Kwa shule isiyo na mfadhili

Barua nyingi za walimu zinauliza jinsi ya "kuletewa" programu. Mwalimu, hii ya kampuni ya wanafunzi unaweza kuianza bila kuletewa na mtu. Mtaala mpya wa sekondari Tanzania umeipa elimu ya biashara nafasi kubwa zaidi, na darasani tayari mnazungumzia mtaji na faida. Unahitaji wanafunzi wasiozidi 25, daftari mbili za hesabu zinazotunzwa na watu wawili tofauti ili zilinganishwe kila Ijumaa, na bei ya hisa iliyo ndogo kiasi kwamba mwenye hisa akiipoteza hatalala njaa. Tafuta mfanyabiashara mmoja wa karibu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi au fundi cherehani mwenye wanagenzi, aje mara moja kwa mwezi kusikiliza hesabu na kuuliza maswali. Usimwombe hotuba. Mpe daftari alisome.

Weka kanuni kwamba wewe mlezi hushiki fedha na huamui bei, hata ukiona wanakosea, ila tu pale wanapoelekea kuvunja sheria au kuumiza mtu. Hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Na omba ruhusa ya mkuu wa shule Januari, kwa sababu kampuni inayoanza Juni haitapata muda wa kufunga hesabu na kuwaita wenye hisa kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka.